Umenunua Kitabu? Kitembeze! Vidokezo kwa Wasomaji wa Luberizi na Bonde la Ruzizi

Kitabu kinachosomwa Luberizi, karibu kila mara, ni kitabu kilichosafiri. Kimepakiwa Bukavu, kikapita Nyangezi, kikateremka Ngomo mpaka Kamanyola, kisha Luvungi na Bwegera. Au kimepanda kutoka Uvira kupitia Kiliba na Sange, kwenye hiyo hiyo barabara ya taifa namba 5 (RN5). Kingine kimevuka mpaka kikitokea Bujumbura. Kingine kimevuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, kimebanwa katikati ya mizigo ya mfanyabiashara. Safari yote hiyo, halafu kinasomwa na mtu mmoja na kufungiwa sandukuni. Hapo ndipo roho inaponiuma, na ndiyo sababu ya vidokezo hivi.

Kwetu sisi, kumwambia mwenzako "nimenunua kitabu kizuri sana" hakumsaidii. Hawezi kuinuka saa hiyo akakifuate dukani. Kitabu unachokisifia inabidi ukisindikize: useme ni kipi, kinamfaa nani, kitamfikiaje na kitarudi lini. Haya, tuanze.

1. Kitaje kwa majina yake yote

"Nimepata kile kitabu cha Mzanzibari aliyepewa Nobel." Kipi? Abdulrazak Gurnah ameandika riwaya zaidi ya kumi, na zote aliziandika kwa Kiingereza. Sema hivi: Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, 2022. Andika maneno hayo kwenye kikaratasi, na hata motari (dereva wa pikipiki) asiyejua habari za riwaya anaweza kukipeleka kwa muuzaji mjini na kurudi na kitabu chenyewe.

Vivyo hivyo kwa vitabu vya historia yetu. Neno "Congo" limeandikwa kwenye majalada mengi mno. Kile kinene cha David Van Reybrouck kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 2010, na Kifaransa chake kikachapishwa na Actes Sud mwaka 2012. Usipotaja mwandishi, mwenzako atauziwa kitabu cha picha za wanyama.

Ongeza mambo matatu: umekipata wapi, umelipa kiasi gani (faranka au dola, useme), na kama ni kipya au cha mtumba. Bei ndiyo habari ambayo wasomaji wengi huificha, eti kwa adabu. Usiifiche. Mtu anayepanga makuta yake ya mwezi anahitaji kuijua kuliko anavyohitaji sifa zako zote.

2. Sema kinamfaa nani

"Kizuri" si habari. Habari ni hii: Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968, inamfaa kila mtu wa bonde hili anayelima mpunga au mihogo huku watu wakimwambia kwamba maisha yako mjini. Utubora anaacha kazi ya mjini kwa hiari yake na kwenda kushika jembe. Nikiwa na nakala moja tu ya kugawa Luberizi, ningempa kijana aliyemaliza diploma ya serikali na sasa anaona aibu kuonekana shambani.

Kuli ya Adam Shafi (1979) ingefika Kalundu kesho kama ningekuwa na uwezo. Ni habari ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Mtu anayebeba magunia mgongoni toka asubuhi hadi jioni atajiona humo bila kuelezwa.

Wasichana wa kwaya, wapeni Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert tena. Siti alizaliwa Fumba katika familia maskini, akauza vyungu, kisha sauti yake ikamfikisha kwenye sahani za santuri zilizosikika pwani nzima. Na mwanafunzi anayekua bila mzazi mmoja, hao ni wengi kwetu, mpeni Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kijana Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kiswahili chake kinateleza, na sura zake ni fupi za kutosha kusomwa kabla taa ya sola haijafifia.

Fanya hivyo kwa kila kitabu unachomaliza: kabla hujakiweka chini, taja mtu mmoja unayemfahamu, mtu mwenye uso na jina, ambaye angefaa kukisoma baada yako. Ukimpata, kazi imekwisha kuanza.

3. Fungua mlango, usimwingize mpaka chumbani

Mwambie mwenzako hadithi inaanzia wapi na nani yumo ndani. Basi. Ukimpa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), mwambie kwamba kuna mtu ameuawa kisiwani na kwamba Bwana Msa ameitwa akiwa na kiko chake. Aliyeua ni nani, hilo ni la msomaji mwenyewe. Wewe ulilijua jibu bila kuambiwa. Naye ana haki hiyo hiyo.

4. Pima Kiswahili cha kitabu kabla ya kukisifia

Tuseme wazi. Kiswahili tunachoongea kati ya Bukavu na Uvira na Kiswahili cha vitabu vya Unguja na Tanga ni ndugu, lakini hawakulelewa nyumba moja. Tena shuleni tumesomea Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, ila mtoto wa sekondari anaweza kumaliza masomo yake bila kushika riwaya hata moja ya Kiswahili. Ukimpa mtu huyo kitabu kigumu mara ya kwanza, atakurudishia baada ya kurasa chache na kuapa kwamba Kiswahili cha vitabu si chake. Umempoteza msomaji, na kosa si lake.

Dawa ni kupima. Kaa naye, fungua ukurasa wa kwanza, soma nusu ukurasa kwa sauti. Akicheka panapochekesha, mpe. Akikukatiza kila mstari kuuliza maana, kiweke kando na umtafutie chepesi zaidi. Siku Njema ni mlango mzuri. Mlango mwingine ni Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973 ya kitabu cha Chinua Achebe. Wengi wetu tulikisoma darasani kwa Kifaransa, Le monde s'effondre, kwa hiyo hadithi tunaijua na Kiswahili kinaingia chenyewe. Mimi huwaambia walimu wa sekondari wawe na nakala zote mbili kando kando: sura moja kwa Kifaransa, sura ile ile kwa Kiswahili. Wanafunzi watagombania ipi tamu zaidi, na ugomvi wa namna hiyo tunautaka.

Halafu kuna penseli. Kila neno lililokusumbua, liandike kwenye ukurasa mtupu wa mwisho pamoja na maana yake. Anayekuja nyuma yako atakuta njia imefyekwa. Kundi la wasomaji likiweza kununua kitabu kimoja tu cha pamoja, kiwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Ya mtumba inatosha kabisa.

5. Usivisahau vya nyumbani

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ni hapa tunapojinyima. Tunajua majina ya waandishi wa Paris, tunawajua wa Lagos, halafu mtu akiulizwa mwandishi wa Kongo anakuna kichwa.

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Aprili 2025. Dunia nzima ya vyuo vikuu inamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoiunda sura ya Afrika kwenye maandishi yake. Kwa msomaji wa kawaida mimi napendekeza riwaya zake. Entre les eaux (1973) ina padri, Pierre Landu, anayeacha parokia na kujiunga na waasi msituni. Katika bonde ambalo kila ukoo una kumbukumbu ya waasi, tangu wale wa mwaka 1964 hadi wa leo, kitabu hicho hakihitaji maelezo. Kipelekeni parokiani, mkisome na mapadri wenu, muulizane maswali.

Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000, aliandika Kifaransa chepesi kwa watu wa kawaida, na vitabu vyake vingi vilichapishwa Kinshasa. Bandoki inagusa habari ya uchawi na hofu zake. Carte postale inagusa Ulaya inayoota kwenye vichwa vya vijana wetu. Ni vyembamba, mara nyingi vimechakaa, na ukivikuta kwenye meza ya mtumba au kwenye maktaba ya parokia usipite. Kwa mtu aliyeacha shule mapema lakini anasoma Kifaransa, sijui mwandishi bora wa kuanza naye.

Wapo wapya. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mwaka 2014: usiku, muziki, machimbo na fujo za mji wa migodi. In Koli Jean Bofane alitoa Congo Inc. mwaka huo huo, na humo kuna kijana wa msituni aliyeamini kwamba utandawazi ndio utakaomtajirisha. Vyote viwili vimechapishwa Ufaransa, na ndiyo maana ni ghali na adimu huku kwetu. Basi nakala moja ikifika, ihesabike kuwa mali ya wilaya.

Na kuna kitabu ambacho mtu wa Luberizi hapaswi kusubiri kuletewa habari zake na mgeni: La force des femmes cha Daktari Denis Mukwege, cha mwaka 2021. Dunia inamjua kwa Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Bukavu mwaka 1999, na kwa Nobel ya Amani ya mwaka 2018 aliyoipokea pamoja na Nadia Murad. Sisi tunapaswa kukumbuka kwamba kabla ya Panzi alikuwa Lemera, huko milimani juu ya bonde letu, akiongoza hospitali ambayo mama zetu walipanda kwenda kujifungulia. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wahudumu. Kitabu kinaelezea mengi yanayouma, kwa hiyo ukimpa mtu, mwambie mapema kilichomo. Kwa muuguzi, kwa mkunga, kwa mwalimu wa kiume anayefundisha wasichana, ningekiweka mbele ya vingine vyote.

Kimoja zaidi, na hiki ni hazina. Mwaka 1965 André Yav wa Lubumbashi aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili, si Kiswahili cha Unguja, bali kile cha mabwana wa nyumba na maboyi wao, cha jikoni na cha kambi za wafanyakazi. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ila ndani ni sauti ya watu waliofulia Wazungu nguo na kuwapikia. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990, na maandishi yake yanapatikana bure kwenye intaneti katika hifadhi iitwayo Archives of Popular Swahili. Mtu yeyote wa Kivu anayedhani Kiswahili chake hakifai kuandikiwa kitabu, mwonyesheni hiki.

Kwa wapenzi wa vita na siasa: shajara ya Che Guevara kuhusu miezi aliyokaa upande wa Fizi mwaka 1965, baada ya kuvuka ziwa kutoka Kigoma, ipo kwa Kifaransa. Wazee wa Uvira wataisahihisha sehemu nyingi, na usahihisho huo uandikwe.

6. Anzisheni likelemba ya vitabu

Likelemba ya pesa tunaijua sote. Ya vitabu inaendeshwa hivi: watu kumi, kwa mfano, wanatoa kiasi kidogo kila mwezi. Fungu lote linakwenda kwa mmoja wao, naye ananunua kitabu kimoja anachokitaka. Kitabu ni chake, ila kuna sharti: kabla ya kutulia kwake, kitazunguka kwa wengine wote tisa. Mzunguko ukiisha, kila mtu ana kitabu chake nyumbani na amesoma kumi. Kama fungu la mwezi mmoja halitoshi, unganisheni miezi miwili. Msiharakishe mkanunua kitabu msichokitaka kwa sababu tu ni cha bei rahisi.

Mwenye zamu achague peke yake. Hapa sina mzaha: likelemba ya vitabu ikianza kupiga kura, itanunua vitabu vya masomo na vya mahubiri peke yake. Si vibaya, lakini hivyo vinapatikana. Mwacheni mama anayependa riwaya za mapenzi anunue riwaya ya mapenzi. Mwacheni fundi wa redio anunue kitabu cha nyota na sayari. Mtashangaa ni kipi kitakachochakaa upesi.

Kuwe na kaye (daftari) moja ya kundi. Upande mmoja jina la kitabu, mwandishi, aliyekinunua, bei na tarehe. Upande wa pili majina ya waliokichukua, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Na kila anayerudisha aandike mstari mmoja au miwili kuhusu alichokiona. Asilazimishwe kuandika kwa Kifaransa, wala kwa Kiswahili cha kamusi. Kifuliiru nacho kinaruhusiwa, Kirundi nacho. Kaye hiyo ndiyo pendekezo la kweli kuliko lolote utakalosikia kwa mdomo, kwa sababu imeandikwa na watu unaowajua.

Mtunza kaye awe mtu anayekaa nyumbani na ambaye mlango wake hauogopwi. Msimchague kwa diploma. Nimeona mama muuza vitenge akitunza vitabu vizuri kuliko ofisi: alijua nani ana nini, na alikuwa na sauti ya kumwambia papa mzima, "Papa, wiki mbili zimepita, Kuli inangojewa."

Na kitabu kikipotea? Aliyekipoteza anunue kingine, kile kile au cha thamani hiyo. Kikipotea kwa sababu ya kukimbia vita, hakuna faini. Hilo liandikwe ukurasa wa kwanza wa kaye, ili pasiwe na ubishi.

7. Kiazime kwa tarehe

Wiki mbili kwa kitabu chembamba, mwezi kwa kinene. Ukimwazima mtu bila kutaja siku umempa zawadi, wote wawili bila kujua. Kutaja tarehe hakumdharau ndugu wala mkwe. Heshima yake ni kwamba una uhakika atakisoma.

8. Kivishe kabla ya kukituma

Bonde lina joto, vumbi la barabara, mvua ya ghafla na mchwa. Funika jalada kwa karatasi ngumu ya kalenda ya mwaka uliopita, kisha funga kitabu kizima ndani ya saseti (mifuko ya plastiki) mbili, na ukimpa motari mwambie akiweke kifuani, si chini ya mzigo wa mkaa. Nyumbani kisilale sakafuni wala kisigusane na ukuta wa udongo. Kikilowa, usikikaushe juani: simamisha kurasa zikiwa wazi kivulini. Andika jina lako na la Luberizi ndani ya jalada, kwa biki, kubwa.

9. Kama kimekushinda, sema kimekushinda

Wasomaji wengine huona haya kusema kwamba kitabu maarufu hakikuwaingia. Lakini pendekezo lako lina thamani kwa sababu watu wanajua husifii kila kitu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kitabu kidogo kwa kurasa na kizito kwa maana. Kina ndoto, kina falsafa, kinakuacha njiani mara kadhaa. Mtu asiyewahi kumsoma Kezilahabi akianzia hapo atamwogopa daima. Mwambie wazi: anza na Rosa Mistika, nenda Kichwamaji, Nagona ije baadaye ukitaka.

Na ukiitaja Rosa Mistika, taja na hili. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni Tanzania kwa jinsi ilivyosema waziwazi habari za msichana aliyebanwa na baba mkali na yaliyompata alipotoka chini ya mkono huo. Baadaye ikakubaliwa. Mimi naona wazazi waisome kwanza, kisha wawape mabinti zao na wavulana pia, na wakae nao baada ya kusoma. Kuna mzazi atakayekataa. Usimwibie mtoto wake kitabu kwa siri. Mpe mzazi mwenyewe, umsubiri.

10. Wahesabu pia wasiosoma

Bibi asiyejua kusoma ni msikilizaji, na msikilizaji mzuri hufanya kitabu kiwe kirefu kwa maswali yake. Jioni moja kwa wiki, uani, mtu mmoja asome kwa sauti sura moja. Peponi inafaa sana kwa kazi hii: mtoto Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, na msafara unaondoka pwani kuingia bara, yaani unakuja kuelekea huku. Wazee watakuwa na la kusema kuhusu misafara, pembe na Waarabu wa Manyema, na huenda mkafunga kitabu mkawasikiliza wao.

Kwa watoto wadogo, mradi wa African Storybook umeweka kwenye intaneti hadithi fupi zenye picha, bure, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mtu mmoja mwenye simu na mega chache azipakue mara moja, kisha azirushe kwa simu za wengine bila kutumia mega tena. Mwalimu anaweza kutoa fotokopi mjini na kuzishona. Hadithi hizo zimetolewa kwa ruhusa ya kunakiliwa, kwa hiyo nakilini bila hofu. Riwaya mpya ya mwandishi aliye hai ni jambo jingine. Mwandishi wa Kiswahili anakula kwa nakala chache zinazonunuliwa. Azimaneni nakala moja mpaka ichakae, hiyo ni haki yenu. Kuisambaza yote kwa picha za simu ni kumnyima.

11. Tunza orodha, hata vitabu vikipotea

Februari 2025 vita ilifika Bukavu. Desemba mwaka huo huo ikateremka bondeni mpaka Uvira. Aliyekimbia usiku alibeba mtoto, sufuria na vitambulisho, na hakuna wa kumlaumu kwa vitabu alivyoviacha. Lakini orodha haina uzito. Piga picha kurasa za kaye ya kundi, utume kwa mtu mmoja aliye Bukavu, mmoja Uvira, mmoja aliye ng'ambo. Watu wakirudi, mtajua mlikuwa na nini, nani alikuwa katikati ya kitabu gani, na cha kuomba kwanza. Mtu anayekumbuka kwamba aliishia sura ya saba ya Kuli ana jambo la kuanzia.

Ndugu zangu mlio Bukavu, Uvira, Bujumbura na hata huko Ubelgiji na Kanada: angalieni rafu zenu wiki hii. Kama kuna kamusi ya pili, riwaya ya Zamenga iliyochakaa, Utubora Mkulima au vitabu vya hadithi ambavyo watoto wenu hawavisomi tena, vivisheni saseti, andikeni "Luberizi" juu yake na mmpe mtu anayepita RN5. Ndani ya jalada wekeni mstari mmoja: kinamfaa nani, na kwa nini.